Mashine ya kumenya mihogo: COSOTA, mkataba wa siri au hataza? Nianze na kipi?

MdauMihogo

Wakuu, habari za muda huu. Nimebuni mashine ya kumenya mihogo mibichi na sasa siwezi kuendelea bila kuionyesha kwa watu. Mashine za ngoma inayozunguka zilizopo sokoni zinamenya vizuri muhogo ulionyooka, ila ukiwa umepinda zinakula nyama nyingi na bado ganda linabaki kwenye mikunjo. Yangu inatatua hilo. Michoro ipo kwenye kompyuta, na kuna programu ndogo inayoendesha mota.

Wanaosubiri kuiona ni mafundi wawili (wa kuchomelea na wa kukereza shafti), kampuni ya kusindika unga wa muhogo inayofikiria kutoa mtaji, na waandaaji wa banda moja la Nanenane. Ushauri ninaopewa unapingana. Mmoja anasema nenda COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kasajili wazo. Mwingine anasema tia michoro kwenye bahasha, ifunge, jitumie mwenyewe kwa EMS ya posta na usiifungue. Wa tatu anasema sainisha kila mtu mkataba wa kutunza siri, basi.

Kipi kinalinda nini hasa? Na hela ikiwa kidogo, kipi kitangulie?

WakiliMilikiBunifu

Mkuu, kwanza usiongeze hapa hata sentensi moja kuhusu namna mashine yako inavyoushika muhogo uliopinda. Mpaka sasa umetaja tatizo tu, na tatizo halina mwenyewe. Ukieleza suluhisho kwenye jukwaa la wazi umelichapisha, na mkaguzi wa hataza (patent, haki ya kipekee juu ya uvumbuzi) anaweza kulitumia andiko lako mwenyewe kukuambia kwamba kitu hicho si kipya tena.

Washauri wako wanazungumzia vitu tofauti. Hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa. Haimiliki jambo lenyewe. Mkataba wa TRIPS wa miliki bunifu, unaozifunga Tanzania na Kenya kama wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema kwenye kifungu cha 9(2) kwamba hakimiliki haifiki kwenye mawazo, taratibu, njia za utendaji wala kanuni za hesabu. Kwa mashine yako inafunika michoro kama michoro, kitabu cha maelekezo, picha, video na msimbo wa ile programu ya mota. Mtu akinakili faili lako, una kesi. Akisoma kitabu chako, akaelewa kanuni, kisha akachora michoro yake na kuchomelea mashine yake, hakimiliki haina la kumfanya. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1879 katika kesi ya Baker dhidi ya Selden: Selden alikuwa na hakimiliki ya kitabu kinachofundisha mfumo wa kuandika hesabu, Baker akatoa madaftari yanayotumia mfumo wa aina hiyo hiyo. Mahakama ikasema kitabu kina mwenyewe, ila mfumo hauwezi kushikwa kwa hakimiliki. Anayeutaka mfumo aende kwenye hataza.

Tena hakimiliki huzaliwa kazi inapoundwa, bila usajili. Cheti cha COSOTA ni ushahidi mzuri wa jina na tarehe, na kinafaa sana kwa msimbo. Kwa hiyo nenda, lakini sajili "programu ya kuendesha mota, toleo la kwanza" na kitabu cha maelekezo. Michoro yenye siri yenyewe iache mpaka ombi la hataza liwe limeingia. Kitu kinachoitwa "kusajili wazo" COSOTA hakipo.

Bahasha ya EMS inathibitisha, ikibahatika, kwamba karatasi fulani zilikuwepo tarehe fulani. Haikupi haki yoyote juu ya mashine. Hataza huenda kwa aliyetangulia kuomba, na aliyetangulia kufikiri tu hapati kitu. Hata Marekani, iliyokuwa ikimpendelea aliyetangulia kubuni, ilibadilika kuanzia 16 Machi 2013.

Mkataba wa siri unamfunga aliyesaini, na yeye tu. Wa pembeni aliyeipata habari bila kujua kwamba ni siri ni vigumu kumshika. Kazi yake kubwa kwako ni ya muda: unaufanya uvumbuzi ubaki "haujafika kwa umma" mpaka uombe hataza. Ukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo kali, tazama kesi ya Egbert dhidi ya Lippmann, Marekani, 1881. Mvumbuzi alimpa rafiki yake mwanamke vyuma vya korseti (nguo ya ndani ya kubana kiuno) alivyovibuni, mwaka 1855. Vilivaliwa ndani ya nguo, hakuna aliyeviona. Aliomba hataza mwaka 1866. Mahakama ilisema huo ulikuwa tayari utumiaji wa wazi, kwa sababu mwanamke yule hakufungwa na sharti lolote la siri. Mtu mmoja tu, bila makubaliano, alitosha kuiangusha hataza.

Hataza ndiyo inayolinda namna mashine inavyofanya kazi. Bara unaomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar unaomba BPRA, wakala wa usajili wa huko, kwa kuwa miliki bunifu si jambo la Muungano. Au unaomba ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, kule Harare na kuteua nchi kadhaa kwa ombi moja. Masharti ni matatu: kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi isiyo dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo, na kiweze kutumika kiwandani.

Kwa mfuko mdogo, anza na utafiti wa hataza zilizopo, ambao ni bure. Ingia Espacenet na PATENTSCOPE, hifadhidata za hataza za mtandaoni, tafuta kwa daraja A23N 7, ndilo la kumenya mboga na matunda, kisha uchanganye na neno la muhogo kwa Kiingereza, Kireno na Kichina. Brazili na China zina maombi mengi ya mashine za aina hii. Usiishie kwenye muhtasari: soma madai, zile aya zenye namba mwishoni, maana ndizo zinazoweka mpaka wa haki ya mtu. Baada ya hapo fungua daftari la kubuni lenye kurasa zilizoshonwa na namba, wino wa kalamu, hakuna kuchana. Kila ukurasa tarehe, saini yako na ya shahidi anayeelewa alichosoma lakini hana faida kwenye mradi, naye asaini mkataba wa siri kabla hajasoma. Halafu mafundi chini ya mkataba, halafu ombi la hataza, halafu kampuni, na Nanenane mwisho kabisa.

KarakanaYaChuma

Nakubaliana na mpangilio huo. Naongeza upande wa mafundi, kwa sababu siri nyingi za mashine huvujia karakana.

Fundi wa kuchomelea usimpe mkataba wa kurasa sita za Kiingereza. Mpe ukurasa mmoja wa Kiswahili, umsomee, asaini yeye na shahidi wake. Hata hivyo kinga kubwa iko kwenye namna unavyogawa kazi. Toa mchoro wa kipande, usitoe mchoro wa mashine nzima. Kwenye kisanduku cha chini ya mchoro andika namba ya kipande tu, mfano P-07, bila neno "muhogo" na bila jina la mashine. Fundi wa kukereza anahitaji kipenyo, urefu, nafasi ya beringi na kiwango cha usahihi. Hana haja ya kujua shafti inazungusha nini. Visu vikatwe karakana nyingine. Faili la kukatia bati litoke likiwa na kipande hicho pekee, na jina la faili lisitaje mradi. Watu wengi wanasahau kwamba faili la PDF hubeba jina la mradi ndani yake hata likibadilishwa jina kwa nje.

Pembe na umbali ambao ndio roho ya uvumbuzi wako usiviweke kwenye mchoro kabisa. Agiza mabano yatobolewe matundu marefu badala ya matundu ya duara, ili visu viweze kusogezwa na kuinamishwa. Ukichukua mashine, unapanga vipimo vya mwisho mwenyewe na kufunga boliti. Fundi atakuwa ametengeneza mashine isiyo na vipimo vinavyoifanya ifanye kazi.

Jigi. Ukiagiza vipande zaidi ya kimoja, fundi atachomelea jigi ya kushikilia chuma ili vyote vilingane. Jigi hiyo ikibaki kwake, kesho anatoa mashine ya pili bila mchoro wowote. Ilipie kama kazi ya peke yake, iandike kwenye risiti, ondoka nayo. Vivyo hivyo violezo vya kadibodi na vipande vilivyoharibika. Usiviache vikauzwa chuma chakavu.

Na picha! Fundi anapenda kutangaza kazi yake, ni haki yake kutafuta wateja, lakini picha moja kwenye status ya WhatsApp ni uchapishaji kama uchapishaji mwingine. Sharti la kutopiga picha liandikwe kwa sentensi yake yenyewe, lisifichwe ndani ya "taarifa zote za siri", na mkumbushe kwa mdomo siku unapopeleka chuma.

Jambo la mwisho linalogombanisha watu: fundi mzuri ataboresha. Atakwambia "hapa weka springi badala ya boliti", na ikifanya kazi, huo ni mchango wa kweli. Kwenye ule ukurasa mmoja iandikwe kwamba maboresho yoyote anayoyatoa kwenye kazi hii anakuhamishia, na useme anapata malipo gani kwa hilo. Kama mchango wake umeingia kwenye kiini cha uvumbuzi, mtaje kama mvumbuzi kwenye ombi. Kumfuta jina mtu aliyevumbua kweli ni dhuluma, na pia ni mlango ambao mpinzani atautumia kuishambulia hataza yako.

HatazaNairobi

Kwa wasomaji wa Kenya, ofisi ni KIPI kwa hataza na KECOBO kwa hakimiliki, na sheria ya hataza ni Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001. Mambo mawili hapa yanawachanganya watu.

Sheria yetu inampa mvumbuzi miezi 12: ukijifichulia mwenyewe, au mtu akikuibia na kufichua, ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, ufichuzi huo hauhesabiwi dhidi yako. Watu wanasikia hivyo wanatulia. Lakini hiyo ni kinga ya Kenya. Marekani nayo ina mwaka mmoja. Ofisi ya Hataza ya Ulaya haikupi nafasi hiyo kwa ufichuzi wako mwenyewe: ina miezi sita tu, na ni kwa mtu aliyedhulumiwa waziwazi au aliyeonyesha kwenye maonesho ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi na mkataba wa 1928, ambayo ni machache mno. Maonesho ya kilimo ya nchi hayamo. Kwa hiyo ufichuzi unaosameheka Nairobi unaweza kukuua Munich, yaliko makao ya ofisi hiyo ya Ulaya.

Lingine ni hati ya modeli ya matumizi. Kwa mashine ndogo yenye maboresho ya vitendo, hii mara nyingi inafaa kuliko hataza kamili: inahitaji upya na matumizi ya viwandani, haidai hatua ya uvumbuzi, na Kenya inadumu miaka 10 bila kuongezwa. Hataza ni miaka 20 kuanzia tarehe ya kuomba, ukilipa ada za kila mwaka. Tanzania pia inayo, kwa jina la cheti cha matumizi, na muda wake ni mfupi zaidi, miaka 7. Muulize wakala kama unaweza kugeuza ombi la hataza kuwa la modeli ya matumizi ukigonga mwamba kwenye hatua ya uvumbuzi.

Kama umbo la nje la mashine lina mvuto wake, Kenya lisajili pia kama usanifu wa viwandani, miaka 5 na unaweza kuongeza mara mbili. Ila umbo linalolazimishwa na kazi ya mashine halisajiliki kwa njia hiyo.

Kuhusu hela: Kenya imo kwenye mpango wa WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) wa kuwasaidia wavumbuzi, ambako wakala wa hataza anakuandikia ombi bila malipo ukitimiza masharti. Na ukiomba kimataifa kupitia PCT, mkataba wa ushirikiano wa hataza, mtu binafsi raia na mkaazi wa Kenya au Tanzania hupunguziwa ada ya kimataifa kwa asilimia 90. Ada ya utafutaji ni nyingine, ijumlishe kwenye bajeti.

MezaYaMtaji

Naona hapa watu wanazungumza kana kwamba kampuni itasaini tu ikiombwa. Wengi wanaotoa mtaji hawasaini mkataba wa siri kwenye kikao cha kwanza, na wana sababu ya haki: wanaona miradi inayofanana kila mwezi, na hawataki kushtakiwa kwa kitu walichokwisha kukisikia kwa mtu mwingine. Ukishikilia "saini kwanza ndipo nikuambie jina la mradi" utabaki nje.

Njia inayofaa ni kufunua kwa hatua. Kikao cha kwanza peleka ukurasa mmoja usio na siri: kilo ngapi kwa saa, umeme kiasi gani, waendeshaji wangapi, bei ya mashine, na hasara ya nyama ikilinganishwa na kumenya kwa kisu. Kampuni ya unga inajali hasara hiyo kuliko kitu kingine chochote. Ukitakiwa kuonyesha, onyesha kwako, usipeleke kwao. Mashine iwe na kifuniko cha bati kilichofungwa. Pima mihogo kilo 100 mbele yao, nusu iliyonyooka na nusu iliyopinda, pitisha, kisha pima iliyomenywa, na maganda yapime kwa mzani huohuo. Simu zibaki mezani nje. Hapo wamepata wanachohitaji ili kuamua kama wanaendelea, na hawajaona visu.

Wakitaka kuona ndani, sasa mkataba unaingia, na sasa watasaini kwa sababu wana hamu. Hakikisha anayesaini ana mamlaka. Tafuta kampuni kwenye mfumo wa BRELA, linganisha jina kamili na namba ya usajili, sharti asaini mkurugenzi au mtu mwenye barua ya bodi. Saini ya afisa ununuzi iliyowekwa kwa niaba ya kampuni inaweza kukataliwa na kampuni yenyewe.

Wakikuletea mkataba wao badala ya wako, usome kwa kuwinda sentensi za aina tatu: inayosema chochote unachowapa hakitahesabiwa siri, inayoruhusu wafanyakazi wao kutumia kilichobaki kichwani mwao, na inayowapa leseni ya bure juu ya maoni na mapendekezo yako. Mojawapo ikiwemo, mkataba huo unawalinda wao dhidi yako.

Halafu bei. Kesi ya Nkosana Makate na Vodacom ya Afrika Kusini ni lazima kila mbunifu aijue. Alikuwa mfanyakazi, akatoa wazo la huduma ya kumwomba mtu akupigie simu, mkuu wa bidhaa akamuahidi mgawo wa mapato kwa mdomo, huduma ikaanza 2001. Alikwenda mahakamani 2008, na Mahakama ya Katiba ikamwambia 26 Aprili 2016 kwamba makubaliano yale yanaifunga kampuni. Hakushinda kwa hataza wala hakimiliki. Alishinda kwa makubaliano. Lakini kiasi hakikuwa kimekubaliwa, na ubishi juu ya kiasi uliendelea kwa miaka mingine baada ya hukumu. Mkataba wa siri hautaji bei. Mkishaelewana kibiashara, andikeni mkataba wa pili wenye asilimia, asilimia ya nini (mauzo au faida, si kitu kimoja), na nani anakagua vitabu.

MdauMihogo

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. Nina maswali ya kumalizia. Rasimu niliyopewa inasema atakayevunja siri atalipa shilingi bilioni moja. Je, mahakama itatoa? Pili, meneja wa kampuni ile nilishamweleza kwa simu kidogo, sio visu, lakini kanuni kwa ujumla. Nimeharibu? Tatu, mkataba uwe wa miaka mingapi, na Kiswahili kinatosha?

WakiliMilikiBunifu

Bilioni moja haitatolewa kwa sababu tu imeandikwa. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Maana yake kiasi ulichoandika ni dari tu. Weka kiasi unachoweza kukieleza: gharama za kutengeneza mfano, gharama za maombi ya hataza, faida ya mashine kadhaa. Muhimu zaidi kuliko fidia ni sentensi inayokiri kwamba pesa haitatosha na kwamba unaweza kuomba zuio la mahakama mara moja. Siri ikishatoka hairudi, kwa hiyo unachotaka ni kuizuia kabla haijasambaa.

Kuhusu simu: hujaharibu lazima, lakini rekebisha leo. Sheria za siri zinaweza kumfunga mtu hata bila karatasi. Kesi inayotegemewa na mawakili wa nchi zilizorithi sheria ya Uingereza ni Coco dhidi ya Clark ya 1968, nayo ilihusu mtu aliyebuni injini ya pikipiki ndogo akaionyesha kampuni kwa matumaini ya kushirikiana. Jaji Megarry alitaja mambo matatu: habari iwe na sifa ya siri, iwe imetolewa katika mazingira yanayomfanya mpokeaji ajue kuwa ni siri, na iwe imetumiwa bila ruhusa kwa hasara ya mwenyewe. Coco alikosa zuio aliloomba kwa sababu hakuthibitisha vya kutosha lile la kwanza, kwamba alichotoa kilikuwa siri kweli na si ujuzi wa kawaida wa injini. Ndiyo maana nasisitiza habari iandikwe na iwekewe namba.

Kwa hiyo mwandikie meneja barua pepe: "Rejea mazungumzo yetu ya simu ya tarehe fulani kuhusu mashine yangu. Nilikueleza mambo hayo kwa siri, kwa ajili ya kuangalia uwezekano wa ushirikiano tu. Tafadhali thibitisha." Usirudie kanuni yenyewe ndani ya barua. Akijibu "nimethibitisha", una kitu mkononi. Kisha kwenye mkataba rasmi weka kwamba unahusu pia taarifa zilizotolewa kuanzia tarehe ya simu hiyo. Tahadhari moja: chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba, makubaliano yasiyo na malipo ya upande wa pili ni batili, isipokuwa kwa hali chache. Ahadi ya kutunza siri uliyokwisha kuitoa bure jana inaweza kupingwa hapo. Dawa ni kuandika kwamba mpokeaji anaahidi kwa kubadilishana na kupewa taarifa zaidi na kuoneshwa mashine, na ndiyo sababu asaini kabla hujaonyesha visu.

Muda: miaka 3 hadi 5 inakubalika kwa kampuni. Mashine yako inaweza kufunguliwa kwa spana na yeyote atakayeinunua, kwa hiyo siri yake ina maisha mafupi hata hivyo. Hataza ndiyo itakayoibeba baadaye. Kama kuna kitu kisichoonekana kwa kufungua, mfano vigezo ndani ya programu au namna ya kutia makali visu, kiandike pembeni kwamba kitabaki siri kwa muda wote ambao hakijafika kwa umma.

Kiswahili kinatosha kabisa kati ya Watanzania. Vifungu visivyokosekana, kwa maneno unayoweza kuyatumia:

"Taarifa za Siri ni michoro P-01 hadi P-23, msimbo wa programu, vipimo, matokeo ya majaribio na mfano wa mashine, kama vilivyoorodheshwa kwenye Kiambatisho A, pamoja na maelezo ya mdomo yatakayothibitishwa kwa maandishi ndani ya siku 14."

"Mpokeaji atazitumia kwa kutathmini ushirikiano pekee, na hatazitumia kutengeneza, kuagiza kutengenezwa, wala kuomba hataza au usajili wowote."

"Mpokeaji hatafungua, hatapima, hatapiga picha wala hatachunguza mfano wa mashine kwa lengo la kuunakili."

"Mpokeaji atawaeleza wafanyakazi wanaohitaji kujua tu, ambao majina yao yapo Kiambatisho B, na atawajibika kwa makosa yao."

"Akitakiwa, Mpokeaji atarudisha au kufuta nakala zote ndani ya siku 7, zikiwemo zilizo kwenye simu, barua pepe na hifadhi za mtandaoni, na kuthibitisha kwa maandishi."

Kisha yasiyohesabiwa siri: yaliyokuwa wazi kwa umma, aliyokuwa nayo mpokeaji kwa maandishi kabla, aliyopewa kihalali na mwingine, na yanayodaiwa na mahakama. Usiyafute ili uonekane mkali. Mkataba unaodai kila kitu ni siri ndio unaokosa nguvu. Malizia na sheria ya nchi gani, mahakama gani, namba za NIDA za wahusika, saini kila ukurasa. Lipia ushuru wa stempu mapema. Hati isiyo na stempu inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipe ushuru pamoja na adhabu, na hilo hutokea siku ambayo unahitaji zuio kwa haraka.

KarakanaYaChuma

Na Nanenane, mkuu? Naona hilo halijajibiwa sawasawa.

WakiliMilikiBunifu

Kweli. Mfano bora ni wa ubao wa kuteleza majini wenye tanga. Mwaka 1958 mtoto wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea wa kwake na kuuchezea ufukweni Hayling Island, Uingereza, watu wakiona. Miaka mingi baadaye kampuni ikapata hataza ya kifaa cha aina hiyo, na katika miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaifuta, mchezo wa mtoto yule ukiwa sehemu ya ushahidi. Kama mtoto ufukweni anatosha kuangusha hataza ya kampuni, banda la Nanenane lenye mashine inayozunguka, kipaza sauti na vipeperushi linatosha mara nyingi zaidi kuangusha yako.

Kwa hiyo hesabu kutoka 8 Agosti kurudi nyuma. Ombi liwe limepokelewa na una tarehe ya kuwasilisha kabla mashine haijapakiwa kwenye gari. Ombi hilo liwe na maelezo kamili, madai, michoro na muhtasari. Usitegemee kuongeza kitu baadaye, kwa sababu jambo lisilokuwemo siku ya kuwasilisha haliingii tena kwenye ombi hilo. Weka ndani hata namna mbadala za kufunga visu ambazo hutazitumia, maana mshindani atajaribu kupita pembeni.

Kuanzia tarehe hiyo una miezi 12 ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda: ukiomba Kenya, ARIPO au kwa PCT ndani ya muda huo, utahesabiwa kama uliomba siku ya kwanza, na maonesho ya katikati hayakudhuru. Ombi la PCT huchapishwa baada ya miezi 18 tangu siku hiyo, na nchi nyingi zinakupa mpaka miezi 30 kabla ya kuanza kulipa ada za nchi moja moja. Muda huo utumie kutafuta mnunuzi wa leseni.

Kama ombi halitakuwa limewasilishwa kufikia Julai, nenda Nanenane na unga, picha za mihogo iliyomenywa na ule ukurasa mmoja wa takwimu. Mashine ibaki nyumbani.